Shaka ya Mzee Zabroni

Mume wangu alikuwa mbishi alipokuwa hai, na alipokufa ndiyo akazidi. Nasema hivi bila kumsengenya, maana mwenyewe yuko palepale kwenye spika juu ya dirisha la chumba cha udhibiti, na kila neno analisikia. Asubuhi ya Jumanne ile tulimwambia karatasi inaonekana imelowa, akatujibu kwa sauti yake ileile ya kukwaruza, kama mtu mwenye tumbaku shavuni:

"Unyevu saba. Karatasi iko sawa. Naongeza mwendo."

Akaongeza. Nani angebishana na Mzee Zabroni Mgaya? Mimi niliyelala naye kitanda kimoja ujana wangu wote nilikuwa siwezi, sembuse watu wa zamu. Mashine ikaanza kunguruma kwa sauti ya juu zaidi, karatasi ikakimbia nyeupe na pana kama barabara, nasi tukaitazama kwa macho tu.

Ikakatika pale inapoingia kwenye madramu ya kukaushia. Karatasi ikikatika kwenye mwendo ule haingoji mtu. Inaanza kujikunja na kurundikana kama uji unaofurika sufuria. Kastori Chengula, msimamizi wa upande wa madramu, akakimbia kuiondoa kabla haijaziba. Ncha moja ikamzunguka mkono wa koti, ikaanza kumvuta. Nikapiga kitufe chekundu, lakini mashine yetu ni nzito, haisimami papo hapo. Kastori alijipindua, akaliachia koti, akaanguka chali. Koti likaenda zake, likapita katikati ya madramu mawili, likatoka upande wa pili limekauka na kunyooka kama limepigwa pasi.

"Unyevu saba," mume wangu akasema juu ya vichwa vyetu. "Nani kasimamisha mashine?"

Kastori akapanda ngazi hadi kwangu akiwa na shati tu katika baridi ya huku kwetu Lihanga. Akajishika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama anahakikisha bado upo.

"Mama Lusungu," akasema, "mimi mzee namheshimu. Alinipa kazi hii. Lakini mzee anataka kuniua."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Nasi tulimsikia mkuu vizuri kabisa, na mtu akakaribia kupoteza mkono.

*

Ngoja nieleze kazi yenyewe, maana watu wa mjini wanadhani karatasi inaota dukani.

Rojo la miti iliyosagwa linaingia upande mmoja wa mashine likiwa karibu lote ni maji. Linamwagwa juu ya wavu, maji yanachuja, linakamuliwa, halafu linapita juu na chini ya madramu yaliyojaa mvuke, na upande wa pili inatoka karatasi inayojiviringisha kwenye roli kubwa kuliko ng'ombe. Hapo katikati hakuna anayejua kwa hakika kinachoendelea. Huwezi kutia kidole, ukitia, umekiaga. Vitambuzi tunavyo, lakini vinatuambia mambo ya pembeni: mvuke una nguvu kiasi gani, dramu lina joto gani, mota inavuta kwa raha au kwa shida. Unyevu wa karatasi yenyewe unaujua roli likishajaa, maabara wakakata kipande wakakipima, na kama ulikosea basi roli zima ni taka. Kwa hiyo kati ya kipimo na kipimo lazima mtu akisie. Kukisia ndiko kulikokuwa kazi ya mume wangu.

Na alikuwa hodari, msinione napendelea. Zabroni aliweka kiganja kwenye chuma, akanusa mvuke, akasema "saba na nusu," na maabara wakija wanakuta saba na nusu. Miaka yake ya mwisho kazini kampuni ikamvisha utepe kichwani, mwembamba kama wa mwanariadha, ili mtambo ujifunze anavyokisia. Alivyoulalamikia utepe ule! Eti unamfanya afanane na bibi harusi. Mapafu yalipomchukua, utepe ulikuwa umeshashiba. Wakauwasha mtambo, na sauti yake ikatoka kwenye spika: "Haya, nani yuko zamu?" Aliyekuwa zamu ni mimi, mwendeshaji wa mashine. Nilikaa sakafuni nikalia, kisha nikamjibu.

Kwenye vitabu mtambo huo unaitwa Mkadiri. Sisi tunamwita Mzee. Anavyofanya kazi ni kama mama anayepika maharage. Kumbukumbu inamwambia chumvi hii inatosha, ulimi unamwambia bado. Amwamini nani? Inategemea ana shaka kiasi gani. Akiwa na shaka, anaonja na kuufuata ulimi. Lakini kila anapoonja akakuta amepatia, shaka inapungua, mwisho haonji tena, anamwaga chumvi huku anaangalia dirishani. Mtambo una namba ya jambo hilo, nasi tunaiita hivyohivyo, shaka.

Kastori alipoondoka nikafungua ukurasa wa shaka ya mume wangu, ambao sikuwa nimeutazama muda mrefu kwa sababu hakuna aliyeona haja. Mstari ulikuwa umelala chini kabisa. Shaka yake ilikaribia sifuri. Vitambuzi vilikuwa vikimpigia kelele kwamba mota inavuta kwa shida, dramu linapoa, kuna maji, kuna maji! Yeye hana habari, anaangalia dirishani.

Sasa, shaka haishuki hivyo yenyewe. Lazima kuna mtu amekuwa akimwambia, tena na tena, kwamba amepatia.

*

Lihanga tuna desturi ambayo sijaisikia kiwanda kingine. Majibu ya maabara hayaingizwi kimyakimya. Mpimaji anasimama mbele ya kipaza sauti na kuyasoma, kiwanda kizima kinasikia, kuanzia wavuni hadi stoo. Zabroni ndiye aliyeianzisha enzi za uhai wake, kwa majigambo tu. Alikuwa anataja kisio lake kwanza, kwa sauti, halafu anangoja maabara wamthibitishe, na wakimthibitisha watu wanagonga vyuma kwa spana. Mtambo ukairithi tabia hiyo. Mzee anataja, maabara wanasoma, spana zinalia, roli linaondoka.

Nikaenda kwenye roli lililokatika, nikakata kipande kwa mkono wangu, nikakifunga kwenye mfuko wa plastiki kisipoteze maji, nikaelekea maabara. Fidea Mlowe alikuwa peke yake. Ni binti mtaratibu, mwenye kitambaa kichwani kila siku cha rangi nyingine, na aliajiriwa Zabroni akiwa bado hai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipishe kwenye mizani."

Nikapima kipande, nikakikausha kwenye oveni, nikapima tena. Fidea alisimama nyuma yangu. Unyevu ulikuwa kumi. Roli lililotangulia, ambalo yeye mwenyewe alilipima alfajiri, alikuwa ametusomea saba na robo.

"Fidea, mwanangu. Rojo ni lilelile. Ilikuwaje?"

Akaangalia viatu vyake. Akaanza kulia kabla ya kusema.

"Mama, ningemkosoaje mzee?"

"Unasemaje?"

"Mzee akisema saba mbele ya kiwanda kizima, mimi nisimame kwenye kipaza sauti niseme kumi? Mtu aliyenifundisha kushika mkasi? Nilikuwa napunguza kidogo tu, mama. Nilidhani atajirekebisha mwenyewe taratibu, bila kuaibika."

"Tangu lini?"

"Tangu mianzi ianze kuja."

"Na wenzako wa zamu nyingine?"

"Wote, mama. Hatukupanga. Nilikuja kugundua juzi juzi, tulipokuwa tunabadilishana zamu. Kila mtu na adabu zake."

Nikakaa kwenye stuli. Jamani! Ningeweza kukasirika kama angekuwa mvivu au mwizi. Lakini nitamkasirikiaje mtu kwa kumheshimu mume wangu? Mimi mwenyewe namkuta kila mtu pale anapita chini ya ile spika akipunguza sauti. Hata wanaovuta sigara wanazificha nyuma ya mgongo, na spika haina macho.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," nikamwambia. "Leo kidogo kimuumbue Kastori."

"Najua, mama. Niliona koti." Akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Nisamehe."

Nikamsamehe palepale. Ila nilijua pia tulichomfanyia Zabroni. Rojo lilipobadilika hakuna aliyemwambia. Tangu ugonjwa wa ukungu mwekundu uimalize misonobari yetu, tunasaga mianzi. Vijana wanatania kwamba siku hizi tunatengeneza karatasi ya ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukiilamba unalewa. Nyuzi za mwanzi ni fupi, zinang'ang'ania maji. Mvuke uliotosha msonobari hautoshi mwanzi. Angeambiwa ukweli tangu mwanzo angejifunza kidogo kidogo, kama alivyojifunza kila kitu. Badala yake tulimsifia hadi akawa kiziwi.

*

Meneja wetu, Bwana Ngimbudzi, alinipokea kwa chai na mihogo, na alipoanza kwa kunisifu nikajua habari si nzuri.

"Karatasi hii ni ya mitihani, Mama Lusungu. Na vyeti vya kuzaliwa. Tangu mahakama zichoshwe na picha na sauti za kughushi, nchi inategemea karatasi yetu. Siwezi kupeleka taka. Wala siwezi kumzika mtu kwa ajili ya mitihani."

"Nakuelewa, bwana."

"Njia ziko mbili. Ya kwanza, tunamtoa mzee. Nanunua Mkadiri mpya asiyemjua mtu, anajifunza mianzi kuanzia mwanzo. Mzee tunakukabidhi wewe kwenye kijisanduku chake, kwa sababu kisheria hisi zake zilizonaswa na utepe ni mali yako, wewe mrithi. Hatabadilika hata nukta."

"Na hatakuwa amewashwa."

"Hana mashine ya kukisia, mama. Awashwe afanye nini?"

Nakala haikuwezekana, wala sikuuliza. Zamani kuna kampuni ilinakili hisi za marehemu mmoja ikazitumikisha kwenye viwanda arobaini kwa mpigo, hadi wanawe wakawa wanasikia sauti ya baba yao kila wanakokwenda kuomba kazi. Tangu hapo sheria ni mtu mmoja, nakala moja.

"Njia ya pili," akasema Bwana Ngimbudzi, na hapa akaweka kikombe chini, "unamfungulia shaka. Mrithi peke yake ndiye mwenye ruhusa. Shaka ikipanda atasikia vitambuzi, maabara watamsomea ukweli, atajifunza mianzi. Atafanya kazi. Ila unajua litakalotokea kwa mengine."

Nilijua. Hisi za mtu hazipangwi kwenye droo, huku namba, huku majina. Zabroni alipojifunza mvuke alijifunza pia ni nani aliyekaa karibu naye, nje kulinukia nini, alikuwa na njaa au ameshiba, na vyote vikasukwa pamoja. Ukimfungulia shaka, kila kisichoshuhudiwa na mashine kinaanza kuyeyuka. Na ndani ya rojo la mianzi hakuna kitu hata kimoja kinachonishuhudia mimi.

Nikampigia simu binti yetu, Lusungu, aliyeko Mbeya. Hakunipa hata nafasi ya kumaliza.

"Mlete nyumbani, mama. Baba ni wetu, si wa kiwanda."

"Atakaa kabatini, Lusungu. Hatasema kitu."

"Lakini atakuwa yeye."

Nikamwambia nitafikiri. Nikatoka nje kwa mlango wa nyuma wa kantini, nikasimama mahali malori ya magogo yalikokuwa yakigeuzia. Siku hizi pameota majani.

Msidhani mimi siipendi ile dunia yake. Naipenda kuliko yeye. Asubuhi za Lihanga za wakati ule, ukungu umelala mabondeni, magogo yanashuka kilimani, harufu ya utomvu inaingia hata kwenye chai. Madaftari ya watoto wetu yalinukia hivyo. Lusungu alipokuwa darasa la kwanza alikuwa analala na daftari usoni. Jumapili watu wa kanisani walikuwa wanawacheka wafanyakazi wa kiwandani kwamba wakipita inapita Krismasi, kwa ile harufu ya misonobari. Zabroni alinichumbia kwa karatasi. Alikata kipande cha roli la kwanza alilolisimamia peke yake, akakikunja, akaniletea pale kantini mbele ya watu wote. Nikakifungua, hakuna kitu. Nikamuuliza barua iko wapi. Akasema, "Karatasi yenyewe ndiyo barua. Ipige kidole usikie." Nikaipiga kidole, ikalia ta! Nikamwona mwendawazimu, na mwaka uliofuata nikaolewa naye.

Aliyebaki duniani anayekumbuka siku hiyo pamoja nami yuko kwenye spika. Nikimpeleka kabatini ataikumbuka milele na hataitaja kamwe. Nikimwacha kazini itamtoka. Nilisimama pale hadi miguu ikafa ganzi, nikaulaani ukungu mwekundu, nikamlaani Fidea kidogo, kisha nikajifuta uso nikarudi ndani.

*

Niliwaomba wote watoke chumba cha udhibiti. Kastori akatoka wa mwisho, akafunga mlango taratibu kama wa wodini.

"Zabroni."

"Naam, Tumu."

Jina langu ni Tumwidike. Wengine wote wananiita Mama Lusungu, au mama, au Tumwidike zima zima. Kulikata hivyo alikuwa yeye peke yake.

"Misonobari imekwisha, Zabroni."

"Haiwezi kwisha. Kilima chote tulipanda wenyewe."

"Imekauka yote. Tunasaga mianzi sasa."

"Mianzi ni ya ulanzi."

"Ndiyo hiyohiyo."

Akacheka, kicheko chake cha puani. Nilitamani kuishia hapo, tupige soga, nimwulize habari za kina fulani. Nikajikaza.

"Leo karatasi ilikuwa kumi. Nimepima mwenyewe. Umekosea, na si leo tu."

"Maabara hawajawahi kuniambia."

"Walikuwa wanakuheshimu. Walipunguza namba ili usiaibike."

Huko chini mvuke ukapiga mluzi, ukanyamaza. Nikadhani limemwingia.

"Maabara wanasema niko sawa," akasema. "Basi niko sawa."

Mungu wangu, nilicheka huku nalia. Huyo ni Zabroni mtupu! Aliwahi kutupotezea njia ya kwenda harusini, tukafika kwenye msiba wa watu tusiowajua, na akasisitiza tukae kwanza maana huenda bwana harusi amechelewa.

"Nataka nikufungulie shaka," nikamwambia. "Nimekuja kukuomba."

"Sikubali."

"Kastori alikaribia kuumia."

"Karatasi ikiwa saba hakuna anayeumia."

"Si saba!"

"Ni saba, Tumu. Niache nilivyo. Kazi hii naijua."

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Ningemsubiri akubali? Mtu asiye na shaka hata chembe, utamwombaje ruhusa ya kumtia shaka? Kila sababu niliyompa aliipima kwa uhakika uleule ambao ndio ugonjwa wenyewe. Sheria ilinipa mimi uamuzi, lakini sheria haikuwahi kuwa mke wa mtu. Kumweka kabatini kungekuwa kumtii. Kumfungulia kulikuwa kuvunja neno lake la wazi, tena kwa kitu kisichorudishika. Nilitafuta ndani ya moyo wangu ile sauti ya kusema "hivi ndivyo yeye angetaka," na haikuwepo. Hangetaka. Alikuwa ameshaniambia hataki.

Nikawaza kabati letu, lenye mashuka na nondo. Nikawaza mume asiyekosea kwa sababu hafanyi kitu. Halafu nikamwona Kastori kupitia dirishani, anatembea kando ya madramu huku mkono wake ameuweka mfukoni, anaogopa kuutoa.

"Nisamehe, mume wangu," nikasema, nikaweka kidole kwenye skrini, nikaupandisha mstari.

"Tumu," akasema. "Tumu, unafanya nini?"

Nikaendelea kuupandisha.

*

Mashine ikawashwa tena. Akataja kisio la roli la kwanza kama kawaida, "Saba," lakini baada ya neno hilo kulikuwa na kasoro ndogo, kama mtu anayekanyaga ngazi na kuikosa. Fidea akasimama kwenye kipaza sauti. Kiwanda kizima kilikuwa kimeshapata habari, na watu walisimama na spana mikononi hawajui wazifanyie nini.

"Shikamoo, mzee," Fidea akasema. "Unyevu ni kumi."

Hakuna spana iliyolia.

"Rudia," akasema Zabroni.

"Kumi, mzee. Nisamehe sana."

"Kumi," akasema. Na mvuke ukaanza kupanda, taratibu. Ni yeye aliyeupandisha.

Mchana ule nilimsikia mume wangu akijifunza. Sikuwahi kumsikia akijifunza; nilipomkuta ujanani tayari alikuwa anajua. Alikisia nane, wakamsomea tisa na nusu. Akakisia tisa, akapunguza mwendo, akaongeza joto kwenye madramu ya mbele. Kila roli lilikuwa bora kuliko lililopita, na kila roli liliondoka na kitu. Kati ya roli na roli nilikuwa namsemesha. Nikamwuliza kama anakumbuka kantini. "Tumu, kantini, kile kipande," akasema, akatulia, "kile kipande cha..." Akarudi kwenye mvuke. Baadaye nikamwita, akaitika "Naam," bila jina. Nikajiambia amesahau tu kulitia. Nikamwita tena kwa sauti kubwa zaidi, mlango ukafunguka kidogo, Kastori akachungulia, akaona uso wangu, akaurudisha mlango.

"Naam, mwendeshaji," mume wangu akasema.

Niliumia. Sitalizungusha. Niliumia kuliko siku ya mazishi, maana siku ile sikuwa nimemfanyia kitu.

Alasiri karatasi ikawa inapita imenyooka, kavu, haitikisiki hata ukingoni. Zabroni akataja saba na nusu, na Fidea akasoma saba na nusu, ya kweli safari hii, na akaisoma huku analia hadi kipaza sauti kikakoroma. Spana zikalipuka kiwanda kizima. Huko chini Kastori akautoa mkono mfukoni, akaunyanyua juu kunipungia. Nikampungia na mimi. Nilifurahi, na nilitaka kwenda nyumbani nikajifunike shuka nisiongee na mtu hadi kesho.

Nikaanza kukusanya vitu vyangu. Ndipo lori jipya likamwaga mianzi michanga, ya majimaji, na taa ya rojo ikabadilika rangi. Zamani asingesubiri hata taa. Angetaja namba, na namba ingekuwa amri, na mimi ningeandaa kitufe chekundu kimoyomoyo. Nikasimama na mkoba begani, nikangoja. Spika ikawa kimya kwa muda mrefu hadi nikaogopa nimeiharibu.

"Rojo limebadilika," akasema mwishowe. Sauti ilikuwa yake bado, ya kukwaruza. "Nadhani ni nane, lakini sina hakika. Mwendeshaji, wewe unaonaje?"

Nikauweka mkoba chini. Katika ndoa yetu yote, akiwa hai na akiwa kwenye spika, Zabroni hakuwahi kuniuliza ninaonaje. Si kuhusu karatasi, si kuhusu nyumba, si kuhusu jina la mtoto. Nilikuwa na maoni mengi, jamani, miaka na miaka ya maoni, na sikuwa na pa kuyapeleka. Nikavuta kiti hadi chini ya spika, nikajifuta machozi kwa mkono wa ovaroli, nikaitazama karatasi inavyoshuka kutoka dramu la mwisho.

"Mimi naona tisa," nikamwambia. "Punguza mwendo."

Akapunguza.